Jua la Saa Mbili Usiku

Mwizi wa kuku hahitaji intaneti. Anahitaji giza, gunia na mbwa mvivu, na vyote hivyo Kintinku vinapatikana bila bando. Anayehitaji intaneti ni mwenye kuku, hasa akiwa mama mtu mzima ambaye watoto wake wametawanyika Dodoma, Dar es Salaam na Mwanza, kila mmoja na simu janja yake na dhamiri inayomsuta kila mshahara ukiingia.

Kuku wenyewe si wa kupuuzwa. Singida inajulikana nchi nzima kwa alizeti na kwa kuku wa kienyeji. Huko Dar mchuuzi akitamka tu kwamba huyu katoka Singida, bei inapanda kabla jogoo hajajitetea. Na Kintinku imekaa pabaya kwa mfugaji. Ukitoka Dodoma ukaipita Bahi, unaikuta chini bondeni, wilaya ya Manyoni, kabla barabara haijaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Barabara kuu inapita hapo, na Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani inapita hapo. Yaani mwizi wa kuku ana uchaguzi wa usafiri kuliko mbunge.

Mitetea ilipoanza kupungua bandani, kundi letu la WhatsApp liitwalo Kamati ya Mama lilikaa mpaka usiku wa manane, likaazimia kufunga kamera. Mama alikuwa na pendekezo lake, mbwa mwingine, likaangushwa kwa kura zote za watoto, maana mbwa hatazamiki kwa simu.

Wazo la kulinda nyumba kwa kamera nalo lilitoka kwa mwanamke mwenye sababu kama za Mama. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi huko Queens, New York. Saa zake za kazi na za mumewe hazikulingana, mtaa ulikuwa na wahalifu, na polisi walichelewa kufika. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hataza ya mtambo wenye kamera inayopanda na kushuka nyuma ya matundu ya mlango, runinga ya kumwonyesha nani amesimama nje, na swichi ya kufungulia mlango kwa mbali. Wakaipata mwaka 1969. Zingatia mpango wake: mwenye nyumba yuko ndani, anamtazama aliye nje. Kamati ikaugeuza. Walio nje ndio waliotaka kumtazama aliye ndani, na aliye ndani hakuulizwa. Mama aliling'amua hilo siku ile ile kamera zilipoingia mlangoni. "Mwizi yuko nje," alisema, "mbona hii moja mnaielekeza kwenye kochi langu?"

Jibu ni kwamba ilibaki. Fundi tuliyempata Dodoma, kijana mwepesi wa ngazi na mzito wa maelezo, alikuja na rekoda, ruta ya kuwekea laini, na kamera nne. Azimio lilitaja geti, banda na ua. Ya nne haikuwa na kazi, na fundi hapendi kurudisha kitu dukani, hivyo ikaenda sebuleni. Kazi ilipokwisha aliunganisha simu yake na Wi-Fi ya nyumba, akatuonyesha: kuku hao, wazi kabisa, unahesabu manyoya. Tukapiga makofi, tukamlipa, akaondoka. Mimi nami nikadaka basi la kurudi Dodoma. Tulipofika Bahi nikafungua programu ili abiria mwenzangu aone maendeleo. Kioo cheusi. Abiria akaniambia kwa upole kwamba kweli, kuku hawaonekani hata kidogo.

Jaribio linalofanywa ndani ya nyumba yenye kamera hufaulu daima. Simu na rekoda ziko kwenye ruta moja, picha haijavuka hata kizingiti, na hapo intaneti haijaulizwa lolote. Fundi anayejiheshimu huzima Wi-Fi ya simu yake, akawasha bando lake mwenyewe, ndipo akanyoosha mkono wa kulipwa. Wa kwetu alitunza bando.

Tatizo lilikuwa la anwani. Fundi alikuwa amefanya kila kinachofaulu mjini: amefungua poti kwenye ruta, ameiandika anwani ya IP kwenye kikaratasi, amekibandika ukutani kwa gundi pembeni ya kalenda ya kanisa. Ila anwani ile haikuwa ya Mama peke yake. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na ghala kuu lilitoa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kampuni za simu zikafanya kama vijiji vyetu vilivyofanya na barua: sanduku moja la posta, la shule, hutumiwa na walimu, zahanati, kanisa na kila mwenye mtoto Dar. Barua ya kutoka haina taabu, na jibu lake humfikia aliyeandika kwa kuwa mwalimu mkuu anakumbuka nani alimpa bahasha. Lakini barua isiyotarajiwa, iliyoandikwa tu "kwa mwenye kuku", haina pa kwenda. Simu yangu kule Bahi ilikuwa ikiandika barua ya namna hiyo, na mwalimu mkuu wa mtandao ana tabia moja mbaya: barua asiyoijua mwenyewe haiweki mezani, anaichana. Kwa hiyo ukikuta ruta yenye laini imepewa anwani inayoanza na 10, au mojawapo ya zile za 100.64 hadi 100.127 zilizotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo ya kuchangia, usihangaike na poti. Funga mkoba, kunywa chai.

Dawa yake ni kuacha kuipigia rekoda, uiache ipige yenyewe. Rekoda nyingi za siku hizi zina njia hiyo: zinaipigia seva ya kiwanda, zinakaa kwenye laini zikisubiri, na simu yako baada ya kusoma ile picha ya mraba yenye madoadoa iliyobandikwa chini ya rekoda inakwenda kuikuta huko. Zikiweza kushikana moja kwa moja, seva inajitoa. Zisipoweza, na kwenye laini za simu mara nyingi haziwezi, picha yote inapitia kwa seva. Kuku wa Mama wakaanza kuvuka bahari, kwenda na kurudi, ili mimi niliyeko Dodoma nimwone mtetea aliyeko wilaya ya pili. Pasipoti mimi sina. Wao sasa wana safari za nje kila siku.

Safari hiyo huchukua muda, na muda huo ndio uliotugombanisha na Kintinku nzima. Kamera ya getini ina maikrofoni na spika, na habari hiyo fundi aliitangaza dukani alipokwenda kununua soda. Kwa Wagogo hupiti mbele ya mtu bila kumsalimu, na kama kamera inasikia na inajibu, basi ni mtu. Wazee wakipita wanasimama getini, wanaitazama ile jicho-moja, wanasema "Mbukwa!" na kusubiri. Kimya. Wanasema tena, kwa sauti ya kumpa nafasi. Kimya. Wiki haikuisha kabla Mama hajaambiwa kanisani kwamba watoto wake wamepata vyeo, hawaitikii salamu za wakubwa.

Kamati ikaweka zamu ya kuitikia. Ilikuwa kazi ya heshima na ya kuchosha. Mtu uko kwenye kikao cha bajeti, simu inatetemeka, unatoka nje mbio kumwamkia babu wa watu aliyeko getini. Lakini "Shikamoo babu" yangu ilipanda mnarani, ikavuka bahari, ikarudi, na ilipotoka kwenye spika babu alikuwa keshakata tamaa na kuondoka. Aliyekuwapo ni mbuzi. Jirani aliyeshuhudia alisimulia kwamba ukuta wa Mama fulani unawaamkia mbuzi na kuwanyamazia wazee. Kaka wa Mwanza alipoingia kusawazisha, naye akachelewa, akamwamkia mtoto wa darasa la pili aliyetumwa chumvi. Mtoto, kwa malezi mazuri, akaitikia "Marahaba."

Programu yenyewe ilikuwa na wasiwasi uliopita kiasi. Kila inapohisi kitu kinasogea inatuma ujumbe: "Mtu amegunduliwa." Kanga ikipepea kwenye kamba, mtu amegunduliwa. Taa za malori ya usiku zikilamba ukuta, mtu amegunduliwa. Giza likiingia, kamera inawasha mwanga wake usioonekana kwa macho yetu. Wadudu wanaijia, na buibui, ambaye ana akili ya biashara, anatandaza utando mbele ya kioo chenyewe. Uzi wa buibui ukimulikwa kwa karibu namna hiyo ni mnene kama kamba ya meli, na upepo wa Kintinku haulali. Tulikesha na mtu huyo aliyegunduliwa. Lakini Mama, akikaa uani akichambua mchele bila kutikisika, hakugunduliwa kamwe. Kwa mujibu wa programu, nyumba ile ilikuwa na kanga, malori na buibui. Mwenye nyumba hayupo.

Nikizungumzia bando naumia, kwa hiyo nitapita haraka. Kamera ya megapikseli mbili ikituma picha kubwa inaweza kula megabiti mbili kwa sekunde, sawa na MB 900 kwa saa, na hiyo ni kamera moja. Kuna picha ndogo, isiyopendeza, inayokula sehemu tu ya hiyo, na mtu mwenye busara hutumia hiyo. Dada wa Dar si mtu wa picha ndogo. Alipanda treni ya SGR, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, akatazama kuku kuanzia stesheni ya Dar mpaka wanatangaza Dodoma. Laini ya nyumbani ikakauka, na watoto wengine wa familia tukakaa gizani tukilaumu mnara. Dada alijitetea kwamba kuku wanapunguza mawazo, na historia inambeba. Mwaka 1991 wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, waliielekezea kamera birika la kahawa ili wasitoke vyumbani kwao bure likiwa tupu. Mwaka 1993 likawekwa kwenye wavuti, na watu wa mabara yote wakalitazama hadi lilipozimwa mwaka 2001. Birika. Halitagi, halifukuzani, halimparui mwenzake.

Halafu nywila. Fundi aliiacha kama ilivyotoka kiwandani, jina "admin" na namba ambazo mtoto wa chekechea anaweza kuzikariri kwa wimbo. Nilipinga, na nilikuwa na ushahidi. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikibisha hodi kwenye kamera na rekoda kwa orodha ya nywila sitini na kitu za kiwandani, ikikusanya jeshi la vifaa ambavyo wenyewe walidhani vinalinda geti. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliivamia kampuni ya Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa mamilioni ya watu. Nikawaambia Kamati kwamba kamera ya banda inaweza kushiriki uhalifu wa kimataifa bila kuku kujua. Wakakubali nywila mpya. Mpwa akaitunga, ndefu, yenye herufi kubwa, ndogo, namba na alama ya dola, akaituma kwenye kundi kwa sauti, akiwa kwenye daladala. Kila mmoja akaisikia kwa namna yake. Tukajaribu wote kwa pamoja, programu ikatufungia wote kwa pamoja. Mirai isingeingia, hilo nalihakikisha.

Malalamiko yaliyokuwa na uzito yalitoka kwa jirani wa nyuma, aliyekuja asubuhi na mapema kumuuliza Mama kama sisi watoto tunamwona akienda bafuni. Bafu lake liko nje, ukuta wake wa mabati unaishia begani, na kamera ya ua ilikuwa imenyanyua shingo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na tume yake. Jirani hakuihitaji. Alikuwa na mwiko wa ugali mkononi. Mama akapanda kiti akiwa na mpini wa fagio, mimi nikiwa kwenye simu namwongoza.

"Kushoto, Mama."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwa kamera."

"Kamera ina kushoto?"

Picha ilikuwa inanifikia ikiwa imechelewa, kwa hiyo nilipomwambia asimame alikuwa amepita, na nilipomwambia arudi alikuwa amerudi zamani. Tulipomaliza kamera ilikuwa inatazama mwembe. Jirani akaridhika. Mama naye akaridhika, kwa sababu maembe yalikuwa yanaibiwa kuliko kuku.

Ndipo jogoo mwekundu akatoweka. Huyu hakuwa jogoo wa mchuzi. Alikuwa na jina, na alikuwa akiwika nje ya dirisha la Mama na si kwingine. Mama alipiga simu jioni, akasema kwa kifupi, "Jogoo hayupo. Tangu jana saa mbili usiku." Kamati ililipuka. Hii ndiyo siku tuliyoinunulia kamera. Rekoda inahifadhi kila kitu, banda lina jicho lake, mwizi amekwisha.

Kaka akaingia kwenye kumbukumbu, akaandika saa 2:00, kama Mama alivyosema. Akaona giza na kuku waliolala. Mpwa akamcheka: mashine haihesabu Kiswahili, saa mbili usiku kwake ni 20:00. Kweli kabisa. Tukafungua 20:00, watu wazima sita katika mikoa mitatu, tumeshika pumzi.

Jua lilikuwa linawaka.

Si mwanga wa machweo, wala taa. Jua kamili la Kintinku, lile la kukausha mpunga, kuku wanakimbilia kivuli cha banda, na pembeni ya kioo imeandikwa 20:00:00. Dada akauliza kama hiyo ni kweli picha ya kwetu. Kaka akasema rekoda imeharibika. Shemeji, ambaye ni mtu wa dini, akanyamaza kwa namna iliyotutia hofu. Mpwa ndiye aliyegundua kwamba rekoda ilikuwa bado inaishi China, kwenye saa za Beijing, ambazo zimetangulia zetu kwa saa tano. Fundi hakuigusa. Saa mbili ya usiku ya Kintinku kwa rekoda ilikuwa saa 1:00, tena ya siku iliyofuata. Ili kumkamata mwizi wa jana ilibidi tumtafute leo. Kumsikiliza Mama, kuongeza kumi na nane, kuongeza tano tena, kuvuka usiku wa manane, kufungua tarehe nyingine: wahasibu wawili wa familia walitoa majibu mawili tofauti.

Tukampata. Picha ilikuwa ya usiku, nyeusi na nyeupe. Mwanamume aliyevaa kofia ameipa kamera mgongo, kama wanaojua kamera ilipo. Anaingia bandani. Kaka akaanza kuandika maelezo ya polisi. Kisha tochi ikaingia kwenye picha, na nyuma ya tochi Mama, na Mama akamshika jogoo mwenyewe, akamfunga miguu kwa kipande cha kitambaa cha kanga, akamkabidhi mwizi kwa mikono miwili. Mwizi akainama kidogo kushukuru, akageuka. Alikuwa fundi.

Alikuwa amerudi siku ile kuiwasha ruta iliyokwama, akafagia na buibui bila kuambiwa, basi likampita. Mama hawezi kumwacha mgeni aliyefanya kazi aondoke mikono mitupu, kwa hiyo alimpa jogoo na akamtafutia lori.

"Mama, si ulisema ameibwa!"

"Nilisema hayupo. Nani kati yenu aliuliza alikokwenda? Mlikimbilia kwenye hizo kamera zenu."

Tangu siku hiyo ameanza kuzitumia kwa namna yake. Jioni anasimama mbele ya ile ya sebuleni, ya nne, ile isiyo na kazi, na kuonyesha kopo la sukari likiwa limeinamishwa mdomo chini. Anatupa muda wa bahari. Anaonyesha karatasi aliyoandika namba ya mita ya LUKU. Akiona hakuna aliyejibu, anaitundikia kamera kanga na kwenda kulala, na programu inatuambia kifaa kiko salama. Kwenye kikao cha mwisho aliomba nafasi ya kuzungumza, akasema mradi ni mzuri na sasa uwe wa pande zote: na yeye anataka kuona tunakula nini, saa ngapi, na nani anaosha vyombo. Hakuna aliyekuwa na hoja ya kupinga. Mpwa amemwekea programu kwenye simu, herufi kubwa, na fundi amekwisha kuzifunga za jikoni, Dodoma, Dar na Mwanza. Kaka ameshampigia fundi pembeni kuuliza kama ipo namna ya kuizima ya kwake bila Mama kujua. Fundi amesema ipo, lakini hapokei hela, anataka jogoo, na jogoo wote wako Kintinku.